Karatasi ya Baruti ya Hajji Maftah

Benchi letu liko nyuma ya soko la Owino, mbele ya duka la mashuka la Hajji Maftah, na kahawa ni ya Juliet. Mimi ndiye Redio. Hapa hakuna anayesema kabla sijamaliza. Ila jana asubuhi hakuna aliyenisikiliza. Hajji alikuja na karatasi ya zamani ndani ya plastiki, na mwanamke wa makumbusho alikuwa njiani kuja kuiona.

— Babu wa babu yangu aliuza bunduki, akasema Hajji. Wazungu wakapiga marufuku, wakamwambia baruti yote aiweke kwenye ghala la serikali, akitaka kuitoa aombe ruhusa. Mapipa arobaini! Aliomba mpaka akafa. Hii ndiyo stakabadhi yake.

— Pole, nikasema. Wangu hakukubali kupeleka.

— Wako?

— Wangu! Bunduki mia mbili alizipitisha bandari ya Ggaba, ndani ya matumbo ya samaki.

Ojok, sajenti mstaafu wa kambi ya Mbuya, akaweka kikombe chini.

— Samaki gani wa kumeza bunduki?

— Mputa, afande, yule sangara. Mkubwa kama mlango.

— Mputa aliletwa ziwani babu yako yuko kaburini zamani.

— Basi ndani ya majeneza! Alizika sita wiki moja. Mzungu mwenyewe alivua kofia.

— Na wangu ndiye aliyeyafukua, akasema Ojok. Alinusa baruti toka kilima cha pili.

Juliet akacheka mpaka birika likatikisika.

— Bambi, maskini! Wiki jana babu wa Redio alikuwa fundi saa.

— Saa alitengeneza Jumapili, nikajibu.

Nakiri, roho iliniuma. Mtu kafilisiwa, halafu Hajji, kilembwe wake, ndiye anayevaa kanzu ya Idi siku ya Jumanne!

Naila wa makumbusho akafika, akasoma karatasi taratibu. Jina lilikuwapo, kwa wino, na muhuri juu yake: Marjan bin Sufian.

— Huyu tutamweka ukutani, akasema. Kisha akanigeukia, kalamu mkononi. — Na wako, mzee, nimesikia habari zake toka kule kona. Aliitwa nani?

Nilikuwa na uzito wa majeneza tayari kichwani. Nilikuwa na rangi ya kofia ya mzungu. Jina, sina. Wa Hajji aliandikwa na walewale waliomfilisi. Wangu hakuna aliyewahi kumnyang'anya kitu, wala kumwandika.

— Anza na wa Sajenti, nikasema.

Sajenti alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.