Kilele cha Gorogoro

Benchi letu liko Ruiri, katikati ya kinu cha posho cha Ciku na chumba cha mabati ambacho Kinyua anakiita studio. Watu nao wakamwita yeye mwenyewe Studio, na jina likamganda. Ukikaa pale asubuhi kinu kikinguruma, lazima uongee kama mtu anayefukuza ng'ombe shambani, ndiyo maana wageni hudhani tunagombana. Hatugombani. Tunakunywa kahawa ya tangawizi ya Hirsi na kurekebisha dunia. Mbaabu, fundi wa redio, tunamwita Profesa, kwa sababu tangu nimjue sijamsikia akisema "sijui", na nilimjua kabla hajaota mvi. Mimi wananiita Gazeti, jina ambalo sikulitaka. Ijumaa hiyo hatukuwa tumemaliza kikombe cha kwanza Mutugi alipofika na simu mkononi, akasimama mbele ya Studio bila hata kusalimia.

MUTUGI: Studio, huyu si mamangu.

STUDIO: Aje si mamako? Si ni Phyllis alisimama mbele ya maiki? Si nilirekodi mimi mwenyewe, huko kanisani, na kwaya yote?

MUTUGI: Maneno ni yake. Lakini si yeye. Sikizeni.

Akabonyeza simu. Wimbo wa mavuno ukatoka na nguvu tangu neno la kwanza, tukausikia wote licha ya kinu. Mimi hata nilianza kutikisa kichwa. Kisha nikamtazama Mutugi usoni, nikaacha, na nikaona aibu.

Maana habari ya Phyllis tuliijua. Jumanne anapasuliwa koo kule Embu. Ana uvimbe. Daktari amesema atautoa, lakini kuhusu sauti hakuahidi kitu. Kwa hiyo kwaya ilikubaliana wimbo wake urekodiwe kwanza, upigwe kanisani Jumapili yeye akiwa ameketi anasikiliza. Sauti isiporudi, hiyo ndiyo itakayobaki.

MUTUGI: Mama huanza polepole, karibu anong'one. Halafu kwaya inaingia, unaruka. Hapa hakuna kuruka. Ni kama wote wamesimama kwa mlango mmoja wakipiga kelele.

PROFESA: Hiyo ni simu. Angalia vile ni nyembamba. Sauti ya mtu mzima itapita wapi? Lazima ijikunje.

HIRSI: Si simu, mzee. Ni baridi ya mlima. Mjomba wangu alinunua redio Garissa, ikawa inaimba vizuri. Kufika Isiolo bado inaimba. Kupanda huku, walahi, ikaanza kulalamika. Sauti inapenda joto.

PROFESA: Hirsi, kwa heshima yako, hiyo ni porojo. Shida iko huko juu hewani. Siku hizi kila mtu ako na simu, hewa imejaa. Wimbo ukipita na kichwa juu unagongana na wimbo ya mtu mwingine. Sasa wanazikata vichwa ndio zipitane. Mbona unafikiri ndege wamepungua kwa avokado yangu?

GAZETI: Ndege wamepungua kwa sababu unawatupia mawe.

PROFESA: Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyejua hiyo methali imeingilia wapi. Ndivyo alivyo. Lile neno la Mutugi lilikuwa linamuumiza Studio, mwishowe akashindwa kuvumilia.

STUDIO: Sijaharibu kitu. Nimebana sauti. Hiyo ni kazi inafanywa kila mahali, hata hizo nyimbo mnasikia kwa redio. Mutugi, ukipima mahindi na gorogoro, si inabaki kilele hapo juu ya mkebe? Unapitisha kijiti, inalala sawa. Sasa kwaya ikiingia na kishindo, ile sauti ya juu nimeipitisha kijiti. Na pale mama anaimba chini, nimeinua. Yote iko sawasawa.

MUTUGI: Na kilele umepeleka wapi?

STUDIO: Kilele gani?

MUTUGI: Si umesema umekata. Mahindi ya kilele huwa inaenda wapi?

Hapa kwetu mama anayeuza kwa heshima hapitishi kijiti. Anamwaga mpaka mahindi yanaporomoka, na kile kilele ndicho kinachokurudisha kwake wiki ijayo. Phyllis aliuza mahindi soko hili miaka mingi, na sikuwahi kumwona ameshika kijiti.

Studio akaingia ndani, akatoka na kompyuta yake, akatuonyesha sauti ilivyochorwa kwenye kioo. Mchoro wa kwanza, kabla hajabana, ulikuwa na matuta madogo, kisha mlima. Wa pili ulikuwa umejaa juu hadi chini, umenyooka tu.

PROFESA: Usipoziba ufa utajenga ukuta!

GAZETI: Profesa, huo tayari ni ukuta.

PROFESA: Ndiyo nasema! Ameziba ufa, na bado amejenga ukuta. Wahenga hawakuwa wameona kompyuta.

Tulikuwa tunamcheka aliposogea binti wa watu na mfuko wa mahindi. Alikuwa Leylo, mpwa wa Hirsi, aliyefika juzi kutoka Maua. Alikuwa kwenye foleni ya Ciku na alikuwa ametusikia tangu mwanzo, kwani nani hakutusikia?

LEYLO: Adeer, naweza uliza kitu?

HIRSI: Uliza, Leylo.

LEYLO: Kwani redio ya kanisa haina pahali pa kuongeza sauti?

Hirsi akachungulia ndani ya birika kana kwamba jibu liko chini ya tangawizi. Profesa akafungua mdomo, akaufunga. Naweza kuapa mahakamani kwamba aliufunga.

STUDIO: Iko.

LEYLO: Sasa mbona umemwongezea yeye, na redio iko?

Studio alitazama kinu, akatazama ukuta wake wa mabati, nikaona jambo linampambazukia polepole, na halikuwa jambo la kumfurahisha.

STUDIO: Ile ya kuvaa masikioni iliharibika upande mmoja. Kwa hivyo mimi husikiza na spika. Na kinu iko hapo. Pahali sisikii, nainua. Nainua mpaka nisikie.

Miaka sita tangu afungue studio! Nyimbo zote za Ruiri, za harusi, za kampeni, hata za mazishi, zilikuwa zinabishana na kinu cha Ciku. Na sisi tulikuwa tunamsifu Studio kwamba nyimbo zake zina nguvu.

MUTUGI: Ile ya kwanza, yenye mlima, bado uko nayo?

STUDIO: Iko. Lakini hapa huwezi isikia.

Mutugi akaondoka, akaenda moja kwa moja kwa Ciku. Ciku ni mwanamke aliyewahi kukataa kuzima kinu msafara wa mheshimiwa ulipokuwa unapita na vipaza sauti. Tulimwona Mutugi akimwongelesha sikioni. Ciku akatazama foleni, magunia tisa. Akatutazama sisi. Kisha akazima.

Sijawahi kusikia Ruiri hivyo. Jogoo mmoja, mbali. Studio akaupiga ule wimbo, na mwanzoni nilidhani kompyuta imekwama. Kumbe ilikuwa pumzi. Phyllis alikuwa anavuta pumzi. Halafu akaanza, chini kabisa, tukainama wote bila kuambiana, hata wale wa foleni wakaacha magunia wakaja. Hirsi alikuwa ameinua birika kumwongezea mtu kahawa, akabaki nalo hewani. Halafu kwaya ikaingia. Profesa aliruka, kahawa yote ikaishia kwenye suruali, na hakusema methali yoyote. Mimi nililia. Sioni haja ya kuficha.

MUTUGI: Huyo sasa ni mama. Hakuwahi kutuita kwa kelele, hata akikasirika. Alikuwa anashusha sauti, mpaka unaenda pale ako.

Wimbo ukaisha. Ciku alikuwa bado ameshika swichi, hajaiwasha.

CIKU: Mwambieni Jumanne ntafunga kinu, nimpeleke Embu mimi mwenyewe.

STUDIO: Nitawapa hii, Mutugi. Vile iko. Lakini Jumapili wale wa viti vya nyuma hawatamsikia pale mwanzo.

MUTUGI: Watasogea.