Damiano Chilongani na Harufu ya Zabibu za Kwao

Ndugu waombolezaji, marehemu Damiano Chilongani alizaliwa tarehe 3 Mei 1931 huko Bihawana, Dodoma, mtoto wa pili wa mzee Chilongani na mama Yudita. Mimi ninayesoma ni Martini, shemeji yake, kaka wa mkewe Rozalia. Angekuwepo angeshanikatiza aseme ninasoma kama karani wa mahakama.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Saa za kazi za mikono walipelekwa shamba la mizabibu, naye akajifunza kupogoa. Alisema masomo mengine yalimtoka, lakini harufu ya zabibu zilizoivia juani haikumtoka.

Mwaka 1970 aliajiriwa katika kiwanda kimoja Dodoma kilichotengeneza vodka ya zabibu. Zabibu zilikamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke, kisha yakakenekwa, yaani yakachemshwa na mvuke wake ukapozwa uwe pombe. Pombe ya kwanza kutoka ilimwagwa kwa kuwa ni sumu. Iliyofuata ilikenekwa tena, ikachujwa kwa mkaa, mpaka ikawa nyeupe isiyo na harufu yoyote. Wakubwa waliisifu. Yeye ilimuuma. "Tunaipika mpaka inasahau kwao," alikuwa akisema.

Mwaka 1974 alihamishiwa Karatu kuitafutia soko. Hoteli za Ngorongoro zilimwambia watalii wanataka chupa yenye jina la Ulaya. Wenye baa Karatu waliiona nyeupe, wakadhani ni gongo iliyobandikwa lebo. Mzee Metui, mfugaji wa Ngorongoro ambaye yupo nasi leo, aliinusa akarudisha glasi. "Hii haina kwao. Mimi sinunui ng'ombe asiye na alama." Damiano alicheka sana, na wakawa marafiki tangu hapo.

Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa na Rozalia katika kanisa la Rhotia, wakajenga Ganako, hapa Karatu. Ukutani alipanda mzabibu alioubeba kutoka kwao. Baridi na ukungu wetu viliushinda. Ulijaa majani, na zabibu zake zilikuwa chachu kama ndimu. Nilimwambia, "Shemeji, ng'oa huo, panda maharage." Akanijibu, "Wewe uko kwenu, Martini. Niachie wangu." Sikurudia tena.

Mwaka jana alianza kuugua figo. Alipofikia hali ya kushindwa kula, aliomba kitu kimoja tu: zabibu za Bihawana, hata azinuse. Tukapeleka ujumbe. Dada yake Sara alizichuma, akapanda basi, likakwama kwenye tope la masika huko Kondoa. Kila gari lililopita barabarani Damiano aliuliza, "Ni Sara?" Alifariki nyumbani alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1986. Sara alifika jioni yake. Inatuuma, na itatuuma.

Ameacha mjane Rozalia, watoto wawili, Lusia na Inosenti, na dada yake Sara.

Zabibu ziko kwenye kikapu kile, miguuni pa jeneza. Rozalia anaomba kila mmoja wetu achukue moja, ainuse, kisha aitupe kaburini pamoja na udongo. Mzee Metui alizinusa jana. Akasema, "Kumbe alikuwa na kwao."

Ee Mungu, mpokee Damiano, umpumzishe kwa amani.