Mgongo wa Bi Sáu

Kwenye kona ya nyuma ya soko la Đầm, mjini Nha Trang, ambako upepo wa bahari hufika umeshachoka na unanuka vitumbua vya samaki, kuna benchi moja la mbao na vigoda vinne vya plastiki, na hapo ndipo mji mzima huamuliwa mambo yake kabla ya saa tatu asubuhi. Kahawa ni ya Bi Hai, anayemimina maziwa ya kopo kwa mkono mzito na habari za watu kwa mkono mzito zaidi. Benchi ni la Tư Redio, aliyenadi vituo kwenye basi la Cam Ranh miaka ishirini, na sauti yake mpaka leo haijaambiwa kwamba amestaafu. Kigoda cha ukutani, chini ya kioo kilichotundikwa kwenye msumari, ni cha Bảy Kinyozi, na ole wako akunyoe wakati mjadala umepamba moto, utarudi nyumbani umenyolewa upande mmoja. Hatua tano mbele yao iko sufuria ya Bi Sáu, supu ya tambi na yavuyavu wa baharini, na ubavuni mwa sufuria, ukuta kwa ukuta, liko duka la picha la mzee Khuê, mchoraji wa Hanoi aliyehamia mwaka jana na viyoyozi vyake viwili. Asubuhi hiyo Bi Sáu alikuwa amekunja meza tatu kati ya zake nne.

— Dada Sáu, meza unazikunjia nini? aliuliza Tư Redio, na wapita njia wawili wakageuka wakidhani wameitwa wao.

— Nahama.

— Unahama kwenda wapi?

— Kwa binti yangu, Biên Hòa. Hii ndiyo sufuria ya mwisho. Kula, maliza, uniachie bakuli langu.

Tambi ikabaki inaning'inia mdomoni mwa Tư. Miaka thelathini na moja Bi Sáu amesimama pale, tangu marehemu mumewe akiwa bado anamkatia kitunguu, na hajawahi kufunga hata siku ya tufani. Wateja anawakaripia mmoja mmoja, huyu kachelewa, huyu kaacha tambi, huyu kaoa vibaya. Wapo wanaotoka ng'ambo ya mto kuja kukaripiwa kidogo, ndipo siku iwakae sawa.

— Ni ile picha, alisema Bi Hai, akimvutia Tư kikombe karibu. Si nilikwambieni?

— Wewe kila kitu ulituambia, alisema Bảy. Hata mvua ikinyesha, ulituambia.

Lakini kweli ilikuwa ni ile picha. Wiki tatu sasa, tangu mzee Khuê atundike picha mpya kwenye ukuta wake wa ndani, wageni walikuwa wakitoka mle dukani, wanakuja moja kwa moja kwenye sufuria, wanamtazama Bi Sáu, halafu wanaziba midomo wanacheka. Wakorea, Warusi, watu wa Saigon, wote. Jana mama mmoja mnene alipita nyuma yake akampima mgongo kwa vidole, hivi, kama fundi nguo, akamwita mumewe, wakacheka wote wawili mpaka mume akatafuta pa kukaa. Na Bi Sáu kutukana anajua, na kutukanwa amezoea. Kuchekwa hakuzoea. Usiku alijigeuza kitandani akijiuliza, nina nini mgongoni?

— Amekuchora umenona, alisema Bảy, huku wembe umesimama juu ya shingo ya mteja wake. Wachoraji wanapenda nyama. Mtu mwembamba rangi haimkai.

— Acha zako, alisema Tư. Kunona hakumchekeshi Mrusi, Warusi wenyewe wamenona. Mimi nasema amemchora hana nguo.

— Tư!

— Sasa mimi nifanyeje? Ndivyo walivyo hao. Mchoraji akianza tu kumchora mwanamke, kitu cha kwanza kumshinda ni nguo.

— Mimi? alisema Bi Sáu. Kwa miaka sitini na tatu hii?

— Ndiyo maana wanacheka.

Upawa ulipita karibu na sikio la Tư ukaishia kwenye benchi. Akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, maana alikuwa bado anangoja kuongezewa supu.

— Hamjui kitu ninyi, alisema Bi Hai, akavuta kigoda chake katikati ili asikosekane. Mimi nimemwona kwa macho yangu, uani kwake. Anapaka rangi ile ya utomvu juu ya ubao, anaacha ikauke, anapaka tena, anaacha, mwezi mzima. Halafu mnajua anafanya nini? Anachukua msasa. Anamwaga maji, anasugua! Picha aliyochora mwenyewe, anaisugua kama masizi ya sufuria!

— Baada ya mwezi mzima?

— Baada ya mwezi mzima.

— Huyo si mzima, alisema Tư.

— Au aliyechorwa ndiye hakumpendeza, alisema Bảy taratibu, na wote wakamgeukia Bi Sáu. Dada, usiniudhikie, mimi ni kinyozi, nyuso nazijua. Pengine alichora uso wako, akaogopa, akautoa kwa msasa.

— Kanisugua uso?

— Ndiyo maana wanakuja kukutazama. Wanataka kuona kama huku nje bado unao.

— Hilo dogo, alisema Tư, ambaye hawezi kumwachia mwingine uongo wa mwisho. Kubwa ni hili. Picha moja ikichorwa, zinatolewa mia. Zinapelekwa Hanoi. Sasa hivi ninavyosema, kuna mwanamke Hanoi amefungua supu na picha yako mlangoni. Amechukua mgongo wako, amechukua upawa wako, anakaripia watu kwa jina lako. Watu wanapanga foleni! Utakapofika Biên Hòa ufungue sufuria, wataambizana, huyu naye anamuiga yule wa Hanoi.

Bi Sáu aliketi juu ya ndoo yake ya barafu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi asubuhi, hata mteja wa Bảy, mwenye povu usoni, akageuza shingo kumtazama.

— Mseme msemavyo, alisema. Mimi kinachoniuma si hicho. Mtu anakula kwangu kila siku. Bakuli analipokea kwa mikono miwili, anasema ahsante, hata nikimwambia anakula kama kuku mgonjwa anasema ahsante. Nikajua nimepata jirani. Kumbe ananichora. Angeniomba! Ningemkatalia, lakini angeniomba. Huyo mtu tangu ahamie hajawahi kuniomba kitu hata kimoja, ila ndimu.

— Ndimu?

— Siku moja kaja, kofia mkononi, jasho linamtoka, ameinama utadhani kaja kuposa. Ananiambia, "Bibi, nisamehe, naomba niichukue chanh yako." Nikamwambia, we baba, ndimu tu ndiyo inakuvunja kiuno hivyo? Chukua! Nikamjazia mfuko, ishirini, zile kubwa. Akasimama nazo kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiye wake. Akaniuliza mara mbili, una hakika? Nikamwambia nina hakika, ondoka, unanizibia wateja.

— Alizifanyia nini? aliuliza Bi Hai.

— Hakuzifanyia kitu. Alizipanga dirishani mpaka zikakauka.

— Mchawi, alisema Bảy, akamkata mteja wake kidogo chini ya sikio.

Hapo ndipo alipofika msichana mmoja, mfuko begani, viatu vimejaa mchanga, mkononi ana karatasi yenye ramani ya mji iliyotiwa alama za majumba ya picha na mahali pa kula. Kwa lafudhi tu walijua ametoka juu huko kaskazini, pande za Hanoi, Hải Phòng au jirani yake.

— Shikamooni. Samahani shangazi, chanh ya mama wa supu iko wapi?

— Hiyo hapo, alisema Tư, akimwonyesha bakuli la ndimu mezani. Jihadhari, kali.

Msichana alizitazama ndimu, akamtazama Tư, akaona labda mzee anamtania.

— Siyo ya kukamua, baba. Ya ukutani. Watu wote hotelini wanaisema.

— Ndimu ya ukutani?

— Chanh! Chanh ya kuchora!

Akamnyooshea karatasi. Tư akaishika mbali na macho, akaisogeza, akaisogeza tena, akasoma kwa ile sauti ya basi:

— Tranh. Tranh! Picha! Jamani, anasema picha! Hawa watu wa kaskazini hawana ulimi wa kusema tranh, wakisema picha wewe unasikia ndimu!

Bi Hai aliacha maziwa yamwagike nje ya glasi. Bảy alifuta wembe kwenye suruali yake mwenyewe. Bi Sáu, juu ya ndoo ya barafu, alikuwa amerudi mwaka jana, kwenye kofia ile na jasho lile. Niichukue chanh yako. Una hakika? Nina hakika, ondoka.

— Mungu wangu, alisema polepole. Aliniomba.

— Na ukamjazia mfuko, alisema Bi Hai.

Msichana hakuelewa kwa nini watu wazima wanne wamepigwa na bumbuazi kwa ajili ya karatasi ya hoteli. Akauliza tu, kwa adabu:

— Kwani imekaaje hiyo picha?

Wakamwambia wote kwa pamoja. Amenona. Hana nguo. Hana uso. Iko Hanoi. Msichana akageuza shingo toka kwa huyu kwenda kwa yule, mpaka walipoishiwa pumzi.

— Nani kati yenu ameiona?

Tư alikohoa. Bảy akatafuta kitu kwenye droo yake ambacho hakikuwemo. Bi Hai akasema yeye hawezi kuacha kahawa, nani atamwangalizia, ingawa Bi Sáu amekuwa akimwangalizia miaka yote. Mlango wa mzee Khuê ulikuwa pale pale, mtu akitema mbegu ya tikiti inafika. Bi Sáu naye alitazama mikono yake. Yeye anajua kwa nini hajaingia. Ananuka samaki. Huku nje harufu inakwenda na upepo, lakini mle, kwenye baridi na ukuta mweupe, harufu yake ingekaa kwenye kiti kama mgeni wa pili.

Akasimama. Akafunga gesi. Akavuka na aproni yake hivyo hivyo.

Mzee Khuê alikuwa anakunywa chai. Alipomwona aliinuka haraka hata kikombe kikayumba.

— Bibi! Karibu. Karibu ndani.

— Mzee Khuê, siku ile uliniomba nini?

— Nilikuomba chanh yako. Niichore. Nawe ukanipa... Akajikuna kidevu. Nisamehe bibi, mimi mgeni. Nilidhani ndiyo desturi ya huku, mtu akikubali kuchorwa anatoa ndimu. Niliziweka dirishani kwa heshima. Mpaka leo najiuliza kwa nini ishirini.

Bi Sáu angemjibu, lakini alikuwa ameshaiona. Pana kama kitanda. Katikati ni yeye, kwa nyuma, blauzi yake ya bluu, nguo kamili, fundo lake la nywele limekaa upande kama kawaida, upawa umeinuliwa juu. Mvuke wa sufuria ulikuwa mweupe wa kupasukapasuka, vipande vya maganda ya mayai vimepangwa kimoja kimoja na kusuguliwa mpaka vikang'aa. Na mbele yake, wakimtazama, wapo wao. Tư Redio, kinywa kimeachama, unaweza kuhesabu meno, tambi moja inaning'inia. Bảy, wembe hewani, mteja ana nusu ndevu na anaomba msaada kwa macho. Bi Hai anamimina maziwa chini, sikio limekuja mbele kuliko pua. Watu wazima watatu, wamekunja shingo kama watoto waliovunja chungu, wanangoja mgongo ule useme.

Kicheko kilianzia tumboni. Ikabidi ashike ukuta.

— Kwa hiyo wageni wanamcheka nani?

— Wakitoka hapa wanakuja kuthibitisha, alisema mzee Khuê. Kwamba yupo kweli anayewafanya hivi kwa kijiko.

Bi Sáu alijifuta macho kwa aproni.

— Na uso wangu? Mbona hukunichora uso?

— Ningeuona wapi? Kila nikija kula unanipa mgongo unanigombeza.

Akamtazama. Mzee Khuê akatazama chai.

— Kesho kaa upande wa pili wa sufuria, alisema Bi Sáu, akatoka.

Nje, benchi zima lilikuwa limesimama.

— Ulikuwa na nguo? aliuliza Bi Hai.

— Ninazo.

— Na uso?

— Mimi nimepewa mgongo tu, alisema Bi Sáu, akiwasha gesi. Nyuso ni zenu.

Mteja wa Bảy alijigusa shavu lenye povu, akaingiwa na wasiwasi asioujua umetoka wapi. Bảy aligeukia kioo chake, akapanga nywele chache alizonazo. Tư Redio alisogea mpaka kwenye sufuria, akainama, akauliza kwa sauti ambayo kona ile haijawahi kuisikia kwake, ya chini, ya mtu anayengoja majibu ya daktari:

— Dada Sáu. Humo ndani... mdomo wangu umefungwa?

Bi Sáu alimtazama sana. Kisha akamwita yule msichana aje akae, kwa nini amesimama, nani kamfundisha kula amesimama, akakunjua meza ya pili.