Mzee Hebu Niambie, Muuza Vyerehani

Ndugu, jamaa na majirani, marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma ya duka la fundi viatu, akiwa mtoto wa tatu wa fundi huyo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, na adhabu karibu zote alizopata zilikuwa za kupiga domo darasani.

Tarehe 2 Juni 1970 aliajiriwa kuuza vyerehani nyumba kwa nyumba, na wiki hiyo ya kwanza, jamani, alimsifia mama mmoja cherehani cha umeme kwa saa nzima, jasho likimtoka, mama wa watu akimwongezea maji ya kunywa, mpaka alipotafuta pa kuchomeka waya ndipo akaambiwa nyumba ile haina umeme. Tangu siku hiyo hakufungua sanduku la cherehani kabla ya kuketi na kusema, "Hebu niambie, nguo uliyoshona mwisho ilikusumbua wapi?" kisha akafunga mdomo, kazi ngumu kuliko zote kwake, na watu wakafunguka, naye akabaki na jina la Hebu Niambie. Wauzaji aliowafundisha aliwakataza kabisa swali la kujibiwa ndiyo au hapana.

Tarehe 9 Septemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji wa sare za shule, mteja aliyemtembelea mara sita bila kumuuzia hata sindano, maana maswali hayakuisha, wakajaliwa watoto wanne.

Alianza kuugua mwaka 2019, na hapa wanawe tunakiri: kila asubuhi tulimuuliza, "Baba, umeamka salama?" akajibu, "Salama," tukaenda zetu. Sisi, watoto wa bingwa wa maswali! Ni muuguzi mmoja, Januari 2021, aliyemuuliza ni kitu gani alichokipenda ambacho siku hizi hawezi tena kukifanya. Mzee alilia, akaeleza kwa robo saa nzima jinsi kutembea nyumba kwa nyumba kulivyomkata pumzi, ikajulikana kuwa ni moyo, na tiba ikampa miezi kumi na moja. Kitindamimba wetu aliketi naye kila siku, akimuuliza habari za ujana wake bila kumkatiza, na tarehe 3 Desemba 2021, saa nne asubuhi, Baba alikata roho akiwa katikati ya kumjibu.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu saba. Tunawashukuru madaktari, muuguzi yule, majirani mlioshinda nasi, na wauzaji wenzake. Pumzika kwa amani, Baba, tulikuwa bado tunakusikiliza.