Bi Muhuri na Hisa Elfu Moja na Mia Nane

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bi Muhuri anaondoka kwenye dawati la hisa baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika kiwanda chetu cha sabuni. Ofisi ya utumishi iliniomba niandike maneno mia mbili ya kuchangamsha. Niliyoandika yakarudi mara mbili, yamekatwa kwa kalamu nyekundu. Mhariri wa jarida hili ni mimi, kwa hiyo yaliyokatwa nimeyarudisha.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na tisa na mtoto mchanga nyumbani, akawekwa kwenye meza ya kukatia miche ya sabuni. Alivuta waya kwa miaka minne mpaka vidole vikaota sugu. Kiwanda kilipowauzia wafanyakazi na majirani sehemu ya hisa zake, akahamishiwa ofisini kwa sababu ya mwandiko wake. Alikabidhiwa daftari la wanahisa na muhuri wa kuidhinisha mauzo, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika hapo hapo.

Waliofanya naye kazi wanajua vituko vyake. Miwani yake imefungwa kwa uzi wa kufungia maboksi. Kalamu nzuri ya ofisi huificha kwenye mkoba wake, kisha anakuwa wa kwanza kuuliza nani kaiiba. Kila mtu kwake ni "mwanangu", hata mwenyekiti wa bodi, ambaye amemzidi umri kwa miaka saba na hajawahi kulifurahia neno hilo.

Lakini kilichompa sifa ni maswali yake matatu. Hakuna aliyeuza hisa mbele yake bila kuyajibu kwa sauti: unauza nini, unauza ngapi, na nyumbani nani anajua? Fundi magari mmoja alikwama kwenye swali la tatu, akarudi siku ya pili na mkewe. Mke akaichukua hati ya hisa, akaitia kwenye pochi yake, wakaondoka bila kuuza kitu. Wakubwa wetu walisema maswali hayo yanachelewesha kazi. Mimi pia nilisema hivyo, na nilicheka nikisema.

Sasa nifike mahali kalamu nyekundu ilipokolea.

Miaka sita iliyopita hisa yetu moja ilikuwa imepanda hadi shilingi elfu tano. Dereva au mwalimu mwenye akiba ya elfu mbili hakuwa na namna ya kununua, na aliyekuwa nazo akitaka kuuza alizunguka wiki nzima kumtafuta mnunuzi. Bodi ikaamua kugawanya: kila hisa moja iwe kumi, na kila moja ya hizo kumi iwe ya mia tano. Uamuzi wenyewe haukuwa na ubaya wowote. Kampuni nyingi hufanya hivyo ili wenye kipato kidogo waingie, na wauzaji wapate wanunuzi kwa urahisi. Mwenye hisa habaki na zaidi wala pungufu ya alichokuwa nacho. Hata gawio la kila hisa hushuka kwa uwiano ule ule.

Ubaya ulikuwa kwenye bango. Wakubwa waliandika kwa herufi nyekundu, ukumbini kwenye mkutano wa wanahisa, mbele ya wazee waliotoa jasho lao kiwandani humu: TUMEWAZIDISHIA MALI MARA KUMI. Walitaka kupigiwa makofi, na makofi wakayapata. Ndipo Bi Muhuri alipopanda jukwaani na mche wa sabuni na kisu, akaukata vipande kumi mezani kwa mwenyekiti, akamuuliza kama sabuni imeongezeka. Mwenyekiti alicheka kwa meno tu.

"Sabuni ni ile ile, mwanangu," akamwambia. "Waambie watu ukweli."

Asubuhi yake alipewa barua ya onyo kwa kosa la kutumia bidhaa ya kiwanda bila kibali. Mche mmoja wa sabuni! Akalazimishwa likizo ya wiki mbili, nami, niliyekuwa msaidizi wake dawatini, nikakalia kiti chake.

Katika wiki mbili hizo hizo mgawanyo ukaanza kazi. Barua za kuwaeleza wanahisa zilikuwa zimechapwa tayari, zikalala kwenye meza ya meneja wa fedha zikisubiri sahihi. Watu wakasikia kwamba hisa imeanguka kutoka elfu tano hadi mia tano, wakaingiwa na hofu. Hati zao za zamani bado zilionyesha idadi ya zamani. Na langoni akatokea mnunuzi mmoja mwenye shati safi, anayejua kila kitu, akizinunua hati hizo kwa idadi ya zamani na bei mpya. Mnunuzi huyo ni shemeji yake meneja wa fedha. Mtu asiseme sijaeleza wazi.

Fundi wa boila, mzee aliyestaafu, alikuja dawatini na mnunuzi huyo. Hati yake ilisema hisa mia mbili. Kwa haki zilikuwa zimeshakuwa elfu mbili, zenye thamani ile ile ya milioni moja. Alihitaji laki moja tu, ada ya binti yake chuo cha uuguzi. Angeuza hisa mia mbili mpya, angeipata laki yake na kubaki na elfu moja na mia nane. Hiyo ndiyo faida hasa ambayo mgawanyo ulikusudiwa kumpa mtu kama yeye. Badala yake fomu ilisema anauza zote zilizomo kwenye hati, kwa laki moja.

Aliniuliza, "Mwanangu, bei hii ni halali?"

Nikatazama karatasi ya bei. "Halali, mzee. Ndiyo bei ya leo."

Sikumuuliza hata swali moja. Nikagonga muhuri. Katika wiki mbili niligonga fomu kumi na moja za namna hiyo, nikajisifu kwamba foleni yangu inakwenda mbio.

Bi Muhuri aliporudi alizisoma fomu zote amesimama. Hakunigombeza, na mpaka leo natamani angenigombeza. Alivaa viatu vya chini, akaenda nyumba kwa nyumba, akawaandikia wote kumi na mmoja malalamiko kwa mamlaka ya soko la hisa. Baada ya mwaka na nusu, mauzo kumi yalifutwa kwa sababu wauzaji walisimama wakajieleza. Fundi wa boila alifariki wiki tatu kabla ya zamu yake. Mamlaka ikasema inahitaji shahidi aliyekuwepo chumbani. Aliyebaki hai, ukimtoa mnunuzi, ni mimi, na mimi nilinyamaza kwa kuogopa kupoteza kibarua changu.

Kila Januari Bi Muhuri ameandika barua mpya ili faili la mzee yule lisifungwe. Kwa jina lake peke yake, akiwa mtumishi wa dawati. Mwezi uliopita meneja wa fedha alimwandikia kwamba mlalamikaji akistaafu, faili linafungwa. Ijumaa meneja huyo huyo atamkabidhi saa ya ukutani na kusema maneno matamu, nasi tutatakiwa kupiga makofi. Nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ninastahili mimi.

Ninyi mliorudishiwa haki yenu, na sisi tuliojifunza kazi mezani kwake, hatuna shukrani inayomtosha. Tunamtakia afya, wajukuu watundu, na asubuhi ndefu zisizo na foleni.

Na wewe Mama, jua hili kabla hujapanda jukwaani. Jumanne nilikwenda kwenye mamlaka nikaandika kurasa nne kwa mkono wangu: nani alikuwa chumbani, mzee aliuliza nini, na mimi nilimjibu nini. Mjane wake alikuwa ameketi pembeni yangu nilipotia sahihi. Faili halitafungwa.