Aliyejua Bomba la Pijo Linaposhikilia Doa

Wasikilizaji wapendwa, mvua ya Tukuyu imetupisha kidogo, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka fundi Anyelwisye wa Makandana, aliyetutoka wiki tatu zilizopita akiwa na miaka sitini na nane. Fundi Anyelwisye wa Makandana. Mjane wake, Ikupa, tunayemwita mama Elina, alinionya mapema: "Usimpambe baba Elina. Alikuwa na wivu, na mwenyewe alijua. Ukimpamba watu watacheka." Basi, simpambi.

Kwa miaka thelathini, Pijo 504 ya mwalimu Meshaki, yule mstaafu wa Bulyaga, iliguswa na fundi mmoja tu. Anyelwisye. Nusu ya maharusi wa mji huu wamepanda gari lile. Mafundi wengine waliruhusiwa kulitazama, tena kwa mbali.

Halafu Doreen, binti wa mwalimu, akatuma mabomba mapya ya ekzosi kutoka ng'ambo. Mabomba manne yanayotoka kwenye injini na kuungana kuwa moja. Yamepakwa utando mgumu wa kauri wa rangi ya fedha, yanang'aa mpaka unaona meno yako. Na yana masharti. Hayasuguliwi kwa waya wa masufuria. Yanaoshwa yakiwa yamepoa, kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, kisha yanang'arishwa kwa dawa isiyokwaruza. Na kabla ya kuwasha injini, hakikisha hakuna alama ya mkono. Mafuta ya mkono yakipata moto huungua palepale, na doa halitoki tena. Shikeni hilo: halitoki tena.

Masharti hayo aliyasoma Yussuph, fundi wa gereji ya jirani, nusu ya umri wa Anyelwisye. Mwalimu akamkabidhi kazi ya kung'arisha. Mzee akabaki na breki na matairi.

Jamani, kilimuuma! Hata ndizi za mkewe alizisukuma pembeni. "Anayafuta kama anaogesha mtoto mchanga," alimwambia Ikupa. "Mimi gari nililitoa Uyole likivutwa na trekta, leo anasifiwa mwenye kitambaa!" Kila Jumamosi, boneti ikiwa wazi, watu walisimama kusifia mabomba. Kila Jumamosi Anyelwisye alijifanya anatafuta spana. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Yussuph alikuwa anajua kazi.

Ijumaa moja Yussuph alimaliza kung'arisha, akaenda msikitini kuswali. Mabomba yamepoa, safi kabisa. Anyelwisye akachovya kiganja kwenye grisi, akalishika bomba la pili, akalibana. Kisha akawasha injini.

Alama ikaungulia pale, nyeusi, kiganja na vidole. Ila wivu ulimsahaulisha jambo moja. Mkono wake wa kulia haukuwa na kidole cha shahada. Kilikatwa na feni ya gari zamani, na kila fundi wa Tukuyu analijua hilo. Alama ile nayo haikuwa nacho.

Mwalimu akawaita wote wawili. Yussuph akaitazama alama. Akautazama mkono wa mzee, umefichwa mfukoni.

"Ni uzembe wangu, mwalimu," akasema. "Sikufuta vizuri."

Mwalimu, ambaye macho yake hayaoni tena vitu vidogo, akamwamini. Akamnyang'anya kazi, akairudisha kwa Anyelwisye.

Mzee akapata alichokitaka, na wivu ukazidi. Mama Elina anasema: "Sasa akamwonea Yussuph wivu hata kwa moyo wake mwema. Alikuwa ananiuliza, kwa nini hakunitaja? Kwa nini yeye ndiye awe mtu mwema?" Miaka minne alikaa nalo. Miaka minne Yussuph alimpa shikamoo kila asubuhi, naye akaitikia akitazama pembeni.

Mwaka huu figo zikamlaza. Mwalimu hakuwa na mtu mwingine, akamrudia Yussuph. Kitandani, mzee akamuuliza mkewe:

"Gari anafuta nani?"

"Yussuph."

"Anafuta vizuri?"

"Vizuri."

"Kunishinda mimi?"

Ikupa alijua kwamba uongo ungemtuliza. Lakini walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini, angeujua tu. "Kukushinda, baba Elina."

Mzee akasema: "Mwambie asisahau kule chini, mabomba yanapoungana. Maji ya sabuni hutuama pale, ukiwasha tu yanaacha doa. Hilo nililigundua mimi. Sijawahi kumwambia mtu."

Kesho yake mchana akafariki.

Ikupa aliufikisha ujumbe palepale msibani, mbele ya watu. Yussuph alikuwa amebeba viti. Akaviweka chini, akalia kwa sauti.

Mama Elina, Elina, mwalimu Meshaki, na wewe Yussuph, poleni sana. Mungu ampumzishe fundi wetu. Nasi tuliobaki tujiulize: nani anaifanya kazi yangu vizuri kunishinda, na nimeshamwambia? Wangu namjua. Ni Neema, atakayewasomea taarifa ya habari sasa hivi. Miaka sita tunapishana mlangoni mwa studio bila neno. Neema, unasoma vizuri kunishinda. Karibu, kiti ni chako.