Mzee Soli Hakuwemo Kundini

Benchi lilikuwa limeshika vumbi. Wembe, kinyozi wa pale kwenye kona, alilifuta kwa taulo la kazini kabla wenzake wawili hawajaketi: Mizani, muuza nafaka, na Redio, mpakia mizigo ambaye mdomo wake haujui likizo. Tangu Wembe aanzishe kundi la kijiwe kwenye simu, soga zote zilihamia humo na benchi likasahaulika. Leo wamerudi na aibu zao. Mzee Soli, fundi viatu aliyekuwa akishona papo hapo pembeni, amefariki na kuzikwa, na wao wamesikia baada ya wiki nzima. Hakuwemo kundini. Kahawa ikamiminwa, kila mtu akaanza kutafuta wa kumlaumu.

— Yalikuwa maringo tu, Mizani alianza. Kuingia ni kubonyeza, basi! Mbona muuza magodoro kaingia, na hatujui hata nani kamleta?

— Na yule anayetuma picha za maua kila asubuhi? Redio aliuliza.

— Si shemeji yako?

— Shemeji yangu! Mimi siku zote najua ni mkeo.

Wembe hakucheka.

— Nyinyi hamjui kitu, Redio alisema. Mzee alikuwa na siri. Mtu anayeshika viatu vya mtaa mzima anajua nani alipita wapi. Aliogopa kudukuliwa.

— Kudukuliwa viatu?

— Cheka tu. Yule alikuwa mpelelezi, bwana. Miaka yote kainama vile, unadhani alikuwa anaangalia soli?

— Mpelelezi gani hana hata simu ya maana?

— Alikuwa nayo, Wembe alisema.

Wakamgeukia.

— Alinunua simu ya kupangusa kwa ajili yetu. Ila kioo kilikuwa hakimsikii, vidole vimekuwa sugu kwa gundi na sindano. Akaniomba nimwingize. Nikamwambia kesho mzee, nina mteja.

— Kesho yake?

— Nilikuwa na mteja mwingine.

Mizani alikuna kichwa.

— Hata mimi aliniomba. Nikamwambia akuone wewe.

Redio aliinamia kikombe chake. Wembe alijua naye pia aliombwa, na roho ikazidi kumuuma. Wageni wasio na sura walikuwa wamejaa kundini, na mzee aliyekuwa akimwekea nafasi kwenye benchi miaka yote alikuwa nje.

Mwanamke mmoja akasimama mbele yao.

— Shikamooni. Mimi binti wa fundi viatu. Nimefuata sanduku lake la kazi, alisema huliacha kwa kinyozi.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana.

— Asante. Alipolazwa alinituma niwaite. Nilikuja mara mbili, sikukuta mtu kwenye benchi.

— Tulikuwepo, mwanangu, Redio alijitetea. Tulikuwa kule kwenye kundi.

— Aliniambia. Alisema hamjapata nafasi ya kumwingiza, nisiwasumbue, mna kazi nyingi. Kabla hajalazwa, kila nikitoka chumbani namkuta anasugua kidole gumba kwa jiwe, eti simu imsikie.

Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu.

— Hivi, baba zangu, kumwingiza mtu humo huwa kunachukua muda gani?

Mizani alimtazama Redio. Redio alimtazama Wembe. Wembe, aliyeanzisha kundi, aliinuka akaenda kumtolea sanduku.